Mkangafu wa Mbali

Tuliikuta nyuma ya debe la mbegu za alizeti,
imeviringishwa ndani ya fulana ya kiwanda cha chai:
chupa nyeusi, shingo fupi, nta imepasuka
kama kisigino cha mtu wa Kibao mwezi wa saba.
Ilikuwa siku ya kugawana.
Kastori alichukua koti,
Yusta akachukua baiskeli isiyo na mnyororo,
nami nikabaki na kile ambacho hakuna aliyekitaka.

Baba alikuwa mpima mizani.
Miaka ishirini na sita alitundika vikapu vya wachumaji kwenye ndoano,
akasoma kilo kwa sauti, ukungu ukimlowesha kofia.
Chupa alipewa na karani, Mgoa, Bwana Menezesi,
asubuhi aliyopakia masanduku kwenda asikorudi.
"Vitali, hii imekaa pipani miaka ishirini.
Ifungue siku kubwa."

Siku kubwa zikawa zinapita.
Kipaimara changu.
Harusi ya Yusta, mahari ikiwa na deni la ng'ombe mmoja.
Bati jipya, misumari ikaishia ubavu wa pili.
Siku kiwanda kilipolipa malimbikizo, nusu.
Kila moja baba aliipima kwa macho,
akatikisa kichwa:
bado, haijatimia kilo.

Hatukuwa na kizibuo.
Kastori alitumia skrubu na koleo, kizibo kikakatika,
nusu ikadidimia ndani.
Tukachuja kwa chujio la chai,
tukamimina kwenye vikombe vya bati kando ya moto wa msonobari.

Tulitarajia nyekundu, kama ya altareni.
Ikatoka rangi ya chai kavu iliyokolea,
na ukingoni, ukiinamisha kikombe,
ikififia kuwa asali.
"Karanga," Yusta akasema, pua ndani,
"zilizosahauliwa kikaangoni, lakini kidogo tu."
Kastori akasikia sanduku la mama likifunguliwa.
Mimi nilinusa ganda la chungwa lililokauka juu ya jiko,
na mapichesi ya Desemba, yale yaliyoanguka,
nyuki wakiwa wameshayakuta.

Kisha ulimini.
Utamu ulitangulia bila haraka,
ukateremka kama lori la magogo likishuka Kitonga
kwa gia ya kwanza,
na nyuma yake ukali mwembamba ukabaki kooni,
kama mgeni anayeaga huku ameshika mlango.

Sisi kinywaji chetu ni cha siku tatu.
Ulanzi asubuhi ni mtogwa, hata mtoto anaonja;
jioni ni mkangafu, wajomba wanatafuta njia ya kwao;
keshokutwa unamwagwa.
Nani huyo aliyeweza kuacha kitu kitamu gizani miaka ishirini,
kikipungua kwa vitundu vya mbao,
na asikiibe?

Ndipo Edgari wa Yusta, anayewamiminia wageni hotelini Iringa mjini,
akasema taratibu, kama anayeomba radhi:
"Divai ya namna hii ikishatoka pipani haizeeki tena, mama mdogo.
Ilivyokuwa siku babu alipopewa, ndivyo ilivyo.
Labda imepoa kidogo."

Moto ukalia ndani ya utomvu.
Nikahesabu: miaka thelathini na mitatu nyuma ya debe,
na chupa ilikuwa imesimama palepale.
Aliyekuwa pipani ni yeye.
Mvi, magoti, ile sauti ya kusoma kilo
ikichujwa mwaka hadi mwaka
mpaka ikawa mnong'ono wa kuomba maji.
Alikuwa anatukolea humo ndani,
na sisi tulipita mlangoni na ndoo zetu.

Sikulia. Niliona aibu kwa utamu uliokuwa bado mdomoni.

Ilibaki robo.
Nikaifunga shingo kwa kamba ya katani,
nikaitundika kwenye mizani yake ya zamani, mlangoni pa jiko,
ndoano ikiwa na kutu.
"Ngapi?" Kastori akauliza.
Mshale ulikuwa haujatulia.